Mwalimu Aliyejua Kuzimu Tu

Mwalimu wetu alikuwa na chuki iliyopangika. Sisi wengine tukichukia tunapiga kelele, tunanuna, tunasusa, kisha tunakutana na mbaya wetu kwenye harusi na kujikuta tunachangia naye sahani ya pilau. Yeye hapana. Akikuchukia alikutafutia mahali pako huko kuzimu, akakupangia na kazi ya kufanya ukifika, na kazi yenyewe ilikuwa haina mwisho. Baada ya hapo alikusalimia vizuri tu barabarani na kukuuliza habari za watoto.

Nilianza kumfahamu nikiwa darasa la tano, katika shule yetu ya upande wa Kongwa. Nikaendelea kumfahamu hata nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, kwa sababu nyumba yake na ya mama yangu zilitenganishwa na uzio wa minyaa tu. Jina lake silitaji. Walimu wamepita wengi kijijini kwetu, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, hakuna anayeuliza yupi.

Elimu yake ya kuzimu aliipata kwa bahati. Wazungu wa mradi wa karanga walipoondoka zamani waliacha nyumba, vyuma chakavu na vitabu. Kitabu kimoja kilipita mikono mingi hadi kikamfikia yeye, kikiwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Kilieleza imani za Wagiriki wa kale. Mchwa walikuwa wamekula sehemu yote ya mbinguni, miungu na ndoa zao na ugomvi wao, wakaishia pale wafu wanapoanza kushuka. Kwa hiyo habari za juu hakuzijua kabisa. Ukimwuliza nani aliumba dunia kwa mujibu wa Wagiriki, alikwambia ukawaulize mchwa. Lakini kuzimu alikuwa anakujua kama njia ya kwenda kisimani.

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, ratiba ilisema michezo na jua likasema thubutu. Basi alitukalisha darasani akatusimulia. Mfalme wa huko aliitwa Hadesi. Mtu akifa alifika kwanza ukingoni mwa mto mkubwa mweusi, na pale palikuwa na mzee mchafu mwenye mtumbwi, Karoni, asiye na huruma wala haraka. Aliyezikwa alivushwa. Asiyezikwa aliachwa ukingo wa huku, azunguke miaka mia akiwaangalia wenzake wanavyovuka. Ng'ambo walikuwepo mahakimu, nao zamani walikuwa wafalme duniani, kwa hiyo uongo wote walikwisha kuusikia. Wema walipewa mabonde yenye majani mabichi. Waovu waliopindukia walitupwa chini zaidi, na huko ndiko Mwalimu alikokupenda.

Sisi watoto wa nchi kavu mtumbwi ulitupa shida. Kwetu mto ni mchanga. Mvua ikinyesha maji hupita kwa kishindo siku hiyo, kesho yake unachimba mchanga kwa mikono kutafuta ya kunywa. Rafiki yangu mmoja akanyoosha kidole akauliza kwa nini wafu wasisubiri kiangazi wavuke kwa miguu. Darasa zima tukaona amesema kweli. Mwalimu aliweka chaki chini, akacheka mpaka akashikilia meza. Alipomaliza kucheka akatuambia kwamba mto ule haukauki, na ndiyo maana mtu anahitaji kuzikwa.

Adhabu za huko alizigawa bila upendeleo. Mnunuzi mmoja wa mahindi alikuwa akiwalazimisha wakulima wetu kujaza lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuongezewa kilemba juu hadi linakuwa gunia na nusu. Mwalimu alimweka kuzimu ajaze gunia lililotoboka kitako, daima dawamu, na wakulima wakiwa wamekaa pembeni wanamwambia bado halijajaa. Bwana mmoja aliyekuwa na ufunguo wa pampu ya kijiji, na ambaye aliwafungulia kwanza jamaa zake, alisimamishwa kwenye maji yanayofika kidevuni. Akiinama anywe, maji yanashuka. Hiyo ilikuwa adhabu ya mfalme mmoja wa Kigiriki, lakini Mwalimu aliona mfalme anaweza kusogea kidogo.

Hakuishia kwenye maneno. Kijana mmoja mkubwa wa darasa la saba aliwahi kumpiga mtoto mdogo na kumnyang'anya viatu. Mwalimu hakumchapa. Alimpa pipa la maji alisukume kutoka kisimani mpaka shuleni juu ya mlima, na alipofika akamwambia alimwage kwenye maua, arudi akajaze jingine. Mchana kutwa. Kijana alianza kwa kiburi, akaendelea kwa hasira, akamaliza kwa machozi, na viatu vikarudi. Leo ni mtu mzima mwenye lori lake Kibaigwa, na mpaka kesho hapendi kusikia neno Ugiriki.

Mtu akisikia hivi atafikiri alikuwa mpagani. Alikuwa mzee wa kanisa, tena wa mstari wa mbele, mwenye sauti nene kwenye kwaya. Jumapili alisimama akawaombea adui zake kwa majina, na aliyetajwa alijua kwamba ameshapangiwa. Mchungaji alimwita siku moja kumwuliza kama kweli anaamini mambo ya mto na mtumbwi. Habari hii nilipewa na Mwalimu mwenyewe, na aliisimulia kwa raha.

"Kuamini siamini, Mchungaji," alimjibu. "Nakubaliana nao tu."

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeweza kumtania katika jambo hili, naye ni mkewe. Mama Mwalimu alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kukohoa, na mlenda wake watu walikuwa wakiupitia kama wanaopita bahati mbaya. Mumewe akianza Hadesi yake, yeye aliuliza kutoka jikoni kama huko kuzimu wanawake wanapika. Mwalimu alimjibu kwamba huko hakuna anayekula. Mama Mwalimu akasema kama ni hivyo yeye atawahi kwenda, akapumzike. Na akawahi kweli, kwa ugonjwa wa kifua, mwaka ambao mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa.

Alikuwa ameomba mambo mawili. Azikwe kwenye shamba lake la mtama, karibu na barabara, ili aone wanaopita. Na asiwekewe saruji, kwa sababu saruji ikipigwa na jua inachoma, na yeye alikuwa amechoka na joto. Mwalimu aliyafuata yote. Akamzika shambani, akapanga mawe kuzunguka, akasimika msalaba wa mti. Kila jioni alikwenda kukaa pale na kiti chake, akamsomea gazeti, na penye siasa alipunguza sauti.

Sasa nieleze utaratibu wa mazishi kwetu, maana bila huo mtu hataelewa kilichofuata. Kitongoji chetu kina kamati ya mazishi. Msiba ukitokea, mwenyekiti wa kamati ndiye anayepiga jembe la kwanza. Akishapiga, wanaume wote wanaingia kazini, na hapo huulizi kabila, dini wala chama. Asipopiga, hakuna anayegusa udongo. Mtoto hamchimbii baba yake wala mama yake, hiyo ni aibu na mkosi, kwa hiyo hata ukiwa na wana kumi wenye misuli, unawategemea majirani. Na mtu aliyewadharau wafu wa wenzake, asiyefika kwenye misiba au aliyefanya ubaya kaburini, msiba wake unasusiwa. Mwenyekiti wa kamati yetu, kwa miaka mingi, alikuwa Mwalimu.

Anayekuja sasa nitamwita Dalali, kwa kuwa ndivyo wote walivyomwita. Alikuwa mtu wa kijiji chetuchetu. Ujana wake aliumalizia kwenye soko la Kibaigwa akiuza mahindi ya watu, mdomo wake ukiwa ndiyo mtaji. Serikali ilipohamia Dodoma na watu wa ofisini wakaanza kutafuta mashamba ya kupumzikia mwisho wa wiki, aliacha mahindi akaingia kwenye viwanja. Nakiri alikuwa mchangamfu. Alikuwa na shati la kijani linalong'aa, meno meupe, na namna ya kukushika bega akikuongopea. Hata ofisini kwetu kulikuwa na watu walioniuliza kama namjua, na niliwajibu kwamba namjua sana, ndiyo maana nawashauri wanunue kwingine.

Mwalimu alikwenda mjini kutolewa mtoto wa jicho, akakaa kwa mwanawe mpaka dawa ikaisha. Aliporudi akaenda shambani na kiti chake, akapotea njia. Alidhani ni macho. Akarudi barabarani, akaanza upya kuhesabu miti, akafika palepale. Ardhi ilikuwa bapa. Greda lilikuwa limepita, mtama na mawe na msalaba vimekwenda, na pembeni vimesimikwa vigingi vyekundu vya mpaka. Dalali alikuwa ameuza kipande hicho, na aliyenunua aliambiwa ni pori. Mama yangu ndiye aliyemkuta Mwalimu pale, amekaa kwenye kiti katikati ya uwanja mtupu, gazeti likiwa limekunjwa mapajani.

Shauri likapelekwa kwenye mkutano wa kijiji. Mimi nilikuwepo, nilichukua likizo kwa ajili hiyo. Nilitaka kumwona Dalali anavyotokwa na jasho. Hakutokwa hata na tone. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akawageukia watu na yale meno yake.

"Ndugu zangu, pale hapakuwa na kaburi," alisema. "Mwalimu ametoka kutibiwa macho. Tumwombee yapone."

Watu wachache walicheka. Si wengi, lakini walicheka, na mimi niliwaangalia mmoja mmoja ili nisiwasahau. Viongozi wakauliza kama kuna saruji, kama kuna karatasi, kama kuna msalaba. Hakukuwa na kitu. Kila mtu pale alikuwa amemzika mama yule kwa mikono yake, lakini Dalali alikuwa amewatafutia wengi wao vibarua na wanunuzi, na midomo ikawa mizito. Ndipo Mwalimu aliposimama na kuvua miwani yake myeusi.

"Nimesikia," alisema. "Siku Dalali akifa, jembe la kwanza halitatoka kwangu. Nimemaliza."

Akakaa. Kicheko kikaisha. Nakumbuka mzee mmoja wa Kondoa, mfanyabiashara wa vitunguu aliyehamia kwetu, alinong'ona kwamba bora angemtukana.

Tangu siku hiyo Mwalimu akawa mtu wa jambo moja. Aliendelea kuzika watu, kuimba, kutania watoto, lakini ukimkalisha peke yake alirudi mtoni. Mke wake, alisema, yuko ukingo wa huku. Alizikwa, ndiyo, lakini akazikuliwa akamwagwa, na kwa sheria ya Wagiriki mtu aliyemwagwa hana kaburi. Amesimama pale na khanga yake anawaangalia wenzake wanapanda mtumbwi. Miaka mia. Nilimwuliza mara moja kama hilo nalo anakubaliana nalo tu au sasa anaamini. Akaniuliza habari za ofisini, na sikurudia.

Mvua za kwanza zikinyesha alitembea kandokando ya barabara zote zilizowekewa kifusi, ameinama, anachokoa udongo kwa fimbo. Watu walipiga kona wasikutane naye. Alikuwa anatafuta mfupa, kipande cha sanduku, chochote cha kurudisha ardhini. Hakupata. Alirudi na matope magotini, akanawa, akakaa kibarazani akaniambia kwa utulivu kabisa jinsi Dalali atakavyolala juani bila mtu wa kumfunika. Alinieleza mpaka upande utakaotangulia kuvimba. Nami nilikaa nikamsikiliza, na ukweli ni kwamba yalinitia nguvu. Nilirudi Mtumba nikafanya kazi vizuri wiki nzima.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Dalali, ambaye mwanzoni alilidharau tishio lile la jembe akisema mtu aliyekufa hajali, alianza kujali. Sukari ilimpanda, wakamkata mguu chini ya goti. Kuanzia hapo hakukosa msiba hata mmoja. Alifika wa kwanza na gongo lake, akatoa maturubai, akakaa na wafiwa, akalia kwa sauti kwa watu aliowafahamu kwa jina tu. Alikuwa anajiwekea akiba ya wachimbaji. Wakati wa kuchimba alikaa kwenye ukingo wa kaburi akiwapa vijana maji, na kila alipoinua macho alimkuta Mwalimu upande wa pili amemkodolea yake. Macho yale yalikuwa yamepona vizuri sana.

Mwishowe alikuja mwenyewe. Nilikuwa kibarazani kwa Mwalimu, nimempelekea mboga kutoka kwa mama. Dalali aliingia akichechemea, shati la kijani limempwaya. Akatoa shikamoo, Mwalimu akaitikia marahaba, akamsogezea kigoda, maana adabu hakuwahi kumnyima mtu.

"Nimekuja kwa ajili ya yale mambo, Mwalimu."

"Yapi?"

"Ya kaburi la mama."

"Kumbe lilikuwepo."

Dalali aliinamisha kichwa. "Lilikuwepo. Nisamehe, mzee wangu."

Mwalimu alisema kwa upole, namna alivyokuwa akimwuliza mwanafunzi swali ambalo angependa ajue jibu lake.

"Udongo wake uliupeleka wapi?"

Yule mtu akaeleza. Siku ile yeye alikuwa Kibaigwa. Lori lilibeba kifusi, na dereva alimwaga palipokuwa na mashimo, kidogo barabarani, kidogo kwenye msingi wa ghala, kidogo hajui. Dereva mwenyewe alishahama. Alijaribu kukumbuka kwa kweli, nilimwona anajaribu, kwa sababu alijua bei ya jibu lile. Ila hakuwa nalo.

"Hapa na pale, Mwalimu," akasema mwishoni.

"Basi na wewe utakwenda hapa na pale."

Akamsaidia kusimama, akampa gongo lake, akamsindikiza mpaka kwenye minyaa. Mimi nilibaki kibarazani nafurahi.

Dalali alikufa kiangazi kilichofuata. Mama alinipigia simu ofisini, nikaomba ruhusa nikasema nina msiba, na ilikuwa kweli kwa namna yake. Nilifika nikakuta kitu ambacho sijawahi kukiona kijijini kwetu. Maiti imo ndani, wanawake wachache wa ukoo wanalia, na nje wanaume wote wa kitongoji wamekaa chini ya turubai wanacheza bao. Majembe yameegemezwa ukutani, makavu. Wana wawili wa Dalali, vijana wenye vifua vipana ambao kwa mila yetu wasingeweza kumchimbia baba yao, walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakipiga magoti. Walipewa pole na chai. Walileta vibarua wenye sepetu kutoka Kibaigwa, wazee wakawauliza vibarua wale kama wao wana makaburi ya kwao, nao wakaelewa kwamba msiba huu umesusiwa, wakaondoka. Jua lilikuwa kali. Ndani walianza kufukiza ubani.

Nilifurahi. Nilikaa na wanawake, khanga mabegani, uso nimeuvalisha huzuni, na ndani nilikuwa nasherehekea. Nilimfikiria Mama Mwalimu na joto alilolikimbia. Niliwatazama wale niliowaona wakicheka mkutanoni, sasa wamekaa wima na bao lao kama watu wa haki tangu kuzaliwa, na hata hao niliwasamehe kidogo siku ile. Kila saa iliyopita niliona ni halali yake.

Alasiri Mwalimu akatokea, amevaa koti lake la kanisani, jembe begani. Bao likasimama. Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaenda mpaka mahali pa ukoo wa Dalali nyuma ya zizi, akavua koti, akalikunja, akapiga jembe la kwanza. Halafu la pili. Na la tatu, ingawa kazi yake kwa utaratibu ilikuwa ni moja tu. Wale vijana wawili walianguka chini pale walipokuwa, wakalia kwa sauti ya watoto wadogo. Wanaume wakatazamana, wakachukua majembe. Mwalimu hakutoka shimoni mpaka kina kilipotimia, alipima mwenyewe kwa fimbo, akasawazisha pembe, akaokota hata vikokoto.

Mchungaji hakuipoteza nafasi ile. Alihubiri msamaha kwa kirefu, akamwonesha Mwalimu kwa mkono wazi, akasema kijiji hiki kimeona Injili kwa macho. Watu wakafuta machozi. Mama yangu alifuta. Mimi nilikuwa nimekasirika, na walipoanza kugawa ubwabwa niliondoka nikaenda kumsubiri kibarazani kwake.

Alikuja taratibu, udongo kwenye suruali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenuna."

"Nimenuna. Umemsamehe?"

"Nani kasema?"

"Mchungaji, mbele ya watu wote."

"Mchungaji anafanya kazi yake." Akakaa, akavua viatu, akakung'uta mchanga. Kisha akaniuliza kwa sauti yake ya darasani, "Asiyezikwa anakaa wapi?"

"Ukingo wa huku," nikamjibu kama mtoto.

"Na nani mwingine yuko ukingo wa huku?"

Nikakitazama kile kiti chake cha shambani, kimeegemezwa ukutani. Aliniacha nikitazame mpaka likaniingia.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa naandaa kumpeleka mtu yule akakae na mke wangu. Wamesimama pamoja miaka mia, na yule bwana na mdomo wake. Nimelifahamu leo nikinyoa ndevu. Nikajikata." Akanionesha kidevu. "Avuke. Ng'ambo kuna mahakimu, na kazi yake nimeshampangia. Atasawazisha tuta la udongo kwa viganja vyake. Likishakuwa bapa, linainuka. Anaanza tena. Mimi ndiye niliyemvusha, na nilichimba vizuri asije akarudishwa."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, na yeye akacheka, wazee wote wawili tukicheka siku ya msiba, maana siku ile na mimi nilijiona mzee. Hasira yangu ikapata mahali pa kukaa. Nikamwambia Wagiriki wangemwajiri.

Alipoacha kucheka alitazama upande wa barabara.

"Nikifa mimi msinichimbie," akasema.

Nilidhani anatania. Nikamwambia yeye ni mzee wa kanisa.

"Najua mimi ni mzee wa kanisa. Lakini mkinizika nitavuka, na mke wangu nitamwacha amesimama pale. Ataniona nikipita ndani ya mtumbwi."

Nilimwambia jambo hilo haliwezekani, watu watasema tumemtupa kama mbwa, mwanawe atatukanwa mpaka Dodoma mjini. Akaniambia ndiyo maana ananiambia mimi na hajamwambia Mchungaji. Kama kuacha kabisa haiwezekani, basi tucheleweshe. Tuchelewe kadiri itakavyowezekana. Huenda katika kuchelewa huko atampata, wakae pamoja walau kidogo, amsomee habari. Nikamwahidi nitajaribu.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kukaa naye. Moyo wake ulisimama mwaka huu, mvua zikiwa zimeanza, asubuhi, akiwa anafunga vifungo vya shati. Mama alinipigia, na nilitoka Mtumba bila hata kuaga vizuri. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nitasema mwanawe mwingine yuko mbali, asubiriwe. Nitasema kuna mjukuu. Nitasema lolote.

Nilipofika kaburi lilishafika kiunoni. Mwenyekiti mpya wa kamati alikuwa amepiga jembe lake alfajiri, na waliokuwa shimoni, wamevua mashati, wanatiririka jasho, walikuwa wale wana wawili wa Dalali. Wachimbaji wengine walikuwa wamekaa pembeni kwa sababu hawakupewa nafasi. Nikamwambia yule mkubwa mbona haraka hivi, si tungesubiri ndugu.

"Dada, huyu mzee alimzika baba yetu wakati hakuna aliyetaka," akanijibu, bila kuacha kuchimba. "Hatuwezi kumwacha juu hata saa moja."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na yalikuwa makali. Ningeweza kumweleza baba yake anafanya kazi gani sasa, na nani aliyempa. Nilimtazama mgongo wake uliojaa udongo. Nikaenda jikoni kwa wanawake, nikaomba uji, nikajaza vikombe vikubwa viwili vya uji wa moto sana, nikawapelekea, nikawasihi watoke shimoni wakae, wapumzike, wanywe polepole.

Walinishukuru wote wawili. Wakaupuliza, wakaunywa wamesimama, wakanirudishia vikombe, wakashika tena majembe.